Zebaki Katika Chungu cha Samaki



Hapana kitoweo kilichozoeleka majumbani mwetu kuliko samaki. Mkaa pwani humla mchana na usiku, na mkaa kando ya ziwa au mto hali kadhalika. Mama wa nyumba aendapo sokoni humtazama samaki macho kama yangali maangavu, humfunua matamvua aone wekundu wake, humbonyeza mnofu kwa kidole, kisha humnusa, akiridhika, hununua. Ujuzi huo tumeurithi kwa wazee wetu, nao ni ujuzi wa kweli, kwani humlinda mtu na samaki aliyevunda. Lakini iko sumu ambayo jicho haliioni, pua haiinusi wala ulimi hauionji. Samaki mwenye sumu hiyo aweza kuwa ametoka majini saa ile ile, macho yake yang'aa na mnofu wake mgumu, na mla asijue kuwa amekula kitu mpaka miezi au miaka ipite.

Sumu hiyo ni ya madini mazito, na katika madini hayo yaliyo mashuhuri zaidi ni matatu: zebaki, risasi na kadimiamu. Ili jambo lieleweke vema, sitaanza na maelezo ya wataalamu, bali nitaanza na mkasa wa watu waliopatwa, kwani aliyeungua ndiye aujuaye moto.

Paka waliocheza

Katika nchi ya Japani, upande wa kusini, kipo kisiwa kikubwa kiitwacho Kyushu, na katika mkoa wake wa Kumamoto umo mji mdogo wa pwani uitwao Minamata. Mbele ya mji huo ipo ghuba tulivu, na mbele ya ghuba ipo bahari ya Shiranui, ambayo imezungukwa na visiwa na nchi kavu hata karibu ifanane na ziwa. Wavuvi wa huko waliishi kwa bahari hiyo kama waishivyo wavuvi wetu: walivua, waliuza, na kilichobakia walikula wao na watoto wao.

Mwaka 1908 kilijengwa kiwanda katika mji huo, na kampuni iliyokimiliki ilikuja kujulikana kwa jina la Chisso. Kiwanda kilileta kazi na fedha, na mji ukastawi kwa ajili yake. Tangu mwaka 1932 kiwanda kilianza kutengeneza dawa iitwayo asetaldehidi, itumikayo katika kazi za plastiki na vitu vinginevyo, na katika kuitengeneza walitumia zebaki. Humo kazini sehemu ya zebaki ile iligeuka ikawa zebaki ya namna nyingine iliyo kali mno, iitwayo methili-zebaki. Na maji machafu ya kiwanda yalimiminwa ghubani kwa mfereji, mwaka baada ya mwaka.

Ilipopita miaka ya vita, na kiwanda kikazidi kufanya kazi, watu wa Minamata walianza kuona mambo ya ajabu. Samaki walielea juu ya maji. Ndege walianguka kutoka angani. Paka walipepesuka, wakazunguka kama wenye wazimu, na wengine wakajitupa baharini wakafa. Watu wakauita ugonjwa huo ugonjwa wa paka wachezao. Nao paka, kama tujuavyo sote, hula mabaki ya samaki.

Tarehe 21 Aprili 1956 mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka sita aliletwa katika hospitali ya kiwanda. Hakuweza kutembea sawasawa, maneno yake hayakueleweka, na mwili ulishikwa na dege. Siku chache baadaye mdogo wake naye akaletwa, hali yake ni ile ile. Mama yao akasema kwamba na kwa jirani yuko mtoto mwenye ugonjwa huo. Mkuu wa hospitali, Daktari Hosokawa Hajime, alipoona hivyo alipeleka habari katika ofisi ya afya tarehe 1 Mei 1956, kwamba umezuka ugonjwa usiojulikana, ushikao ubongo na mishipa ya fahamu. Siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa kujulikana kwa ugonjwa wa Minamata.

Hapo kwanza watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Nyumba za wagonjwa zilinyunyiziwa dawa, na majirani wakawaepuka. Basi mvuvi maskini akapata misiba miwili kwa pamoja: mwanawe amekuwa kiwete, na jirani yake hamsogelei.

Ukweli uliocheleweshwa

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walianza kuchunguza, na ilipofika Novemba 1956 walikwisha kusema kwamba ugonjwa huu si wa kuambukiza, bali ni sumu ya madini mazito, nayo imeingia miilini mwa watu kwa kula samaki na chaza wa ghuba ile. Tazama, ndugu msomaji: ilikuwa imepita miezi sita tu. Jina la madini halikujulikana bado, lakini mlango iliopitia sumu ulikwisha kujulikana. Lau mlango huo ungalifungwa siku hiyo, wangaliokoka watu wengi.

Mlango haukufungwa. Mwaka 1957 mkoa uliuliza serikali kuu kama uwezo upo wa kuwazuia samaki wa ghuba kwa sheria ya vyakula. Jawabu lililotoka lilikuwa kwamba, kwa kuwa hapana ushahidi wazi kuwa samaki wote wa ghuba wana sumu, sheria hiyo haiwezi kutumika. Basi watu wakaambiwa tu wajihadhari, na mtu asiye na kitoweo kingine atajihadhari vipi?

Septemba 1958 kiwanda kiliacha kumwaga maji yake katika ghuba, kikayaelekeza katika mdomo wa mto Minamata. Huenda mtu akadhani kuwa hiyo ni nafuu, kumbe ndiko kueneza. Haukupita muda mrefu wakatokea wagonjwa karibu na mdomo wa mto, kisha katika vijiji vingine vya pwani ya Shiranui ambavyo havikuwa na ugonjwa hapo kabla.

Julai 1959 wataalamu wa Kumamoto walitangaza kwamba madini yenyewe ni zebaki. Katika matope yaliyo karibu na mdomo wa mfereji ilikutwa zebaki kiasi cha kilo 2 katika kila tani moja ya matope. Walipopima nywele za watu, mgonjwa mmoja alikutwa na sehemu 705 za zebaki katika sehemu milioni moja za nywele, na hali watu wakaao mbali na Minamata walikuwa na sehemu 4 tu kwa wastani.

Daktari Hosokawa naye hakukaa kimya katika nafsi yake. Alichukua maji machafu yatokayo hasa katika sehemu ya asetaldehidi, akayatia katika chakula cha paka mmoja aliyepewa namba 400. Oktoba 1959 paka yule akapepesuka na kupatwa na dege kama wale paka wa mjini. Daktari akawaarifu wakubwa wa kiwanda. Nao wakamzuia kuendelea, na habari ile ikafichwa. Hakuisema hadharani mpaka mwaka 1970, alipotoa ushahidi akiwa kitandani mwa hospitali, na mwaka huo huo akafariki.

Desemba 1959 yalitendeka mambo mawili yaliyowatuliza watu kwa uwongo. La kwanza, kiwanda kilizindua mtambo wa kusafisha maji, na mkubwa wa kampuni akanywa mbele ya watu maji yaliyosemekana kuwa yamesafishwa. Baadaye ikajulikana kwamba mtambo ule haukukusudiwa kuondoa zebaki. La pili, kampuni ilitia sahihi mkataba na wagonjwa wa kuwapa fedha kidogo za pole, kwa sharti kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho kilichosababisha ugonjwa, wao hawatadai tena. Wagonjwa walikuwa na njaa, wakatia sahihi.

Zebaki iliendelea kumwagwa mpaka Mei 1968, kiwanda kilipoacha kutengeneza asetaldehidi kwa kuwa njia mpya ilikwisha kupatikana. Tarehe 26 Septemba mwaka huo huo ndipo serikali ilipokiri rasmi kuwa ugonjwa ulitokana na kiwanda. Kutoka mtoto yule wa kwanza hata siku ya kukiri ni zaidi ya miaka 12. Wagonjwa wakaenda mahakamani, na tarehe 20 Machi 1973 mahakama ya Kumamoto ikawapa haki, na mkataba ule wa 1959 ukahukumiwa kuwa si kitu.

Mama alikuwa mzima, mtoto mgonjwa

Nimeacha kwa makusudi jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni la watoto waliozaliwa na ugonjwa. Katika vijiji vile walizaliwa watoto wengi wasioweza kuinua shingo, wala kutambaa, wala kusema. Madaktari waliwaambia mama zao kwamba hao si wagonjwa wa Minamata, kwani hawajaonja samaki hata mmoja. Wakati huo ilikuwa ikiaminiwa kuwa kondo la nyuma ni ngao, na sumu haiwezi kulipenya kumfikia mtoto aliye tumboni.

Daktari mmoja kijana, Harada Masazumi, aliwaendea watu majumbani mwao, akamkuta mama mwenye watoto wawili wagonjwa, mkubwa akiwa amekubaliwa kuwa ana ugonjwa wa Minamata na mdogo amekataliwa. Mama yule akamwambia kwamba yeye alikula samaki wakati wa mimba, na sumu ilimwacha yeye ikamwingia mtoto. Wataalamu hawakuamini, lakini mama alisema kweli. Mwishoni mwa mwaka 1962 watoto 16 walitambuliwa kuwa wamepatwa na ugonjwa huu tumboni mwa mama zao. Na kwa kuwa Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kama kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, vipande vile vilipimwa baadaye, na zebaki ikakutwa humo.

Kwa hiyo yatupasa tujue: mama aweza kula sumu hii akaonekana mzima au akadhurika kidogo, na mtoto wake akachukua mzigo wote. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa mtoto amelila janga ambalo si yeye wala si mama yake aliyelichuma.

Mpaka mwaka 2001 wagonjwa waliotambuliwa rasmi katika bahari ile ya Shiranui walikuwa 2,265, na 1,784 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Matope yenye sumu yalifukuliwa ghubani kwa kazi iliyoanza 1977 ikaisha 1990, na ule wavu uliowekwa kuzuia samaki wa ghuba wasitoke haukuondolewa mpaka 1997.

Mto Agano na mto wa Kanada

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya baharini, na sisi twala samaki wa mtoni. Basi nawasikilize. Mwaka 1965, katika mkoa wa Niigata ulio mbali kabisa na Minamata, walitokea wagonjwa wenye dalili zile zile. Hao walikuwa wakila samaki wa mto Agano. Kiwanda cha kampuni ya Showa Denko, nacho cha asetaldehidi, kilikuwa juu ya mto huo, kiasi cha kilomita 60 kutoka vijiji vilivyodhurika. Maji yalibeba, samaki wakapokea, na watu wa chini ya mto wakala. Kampuni ilisema kuwa sumu ilitokana na dawa za mashamba zilizomwagika katika tetemeko la ardhi la mwaka 1964. Lakini wagonjwa walishtaki mwaka 1967, na tarehe 29 Septemba 1971 wakashinda.

Na katika nchi ya Kanada, kwenye mji wa Dryden, mkoa wa Ontario, kiwanda cha karatasi na dawa zake kilimwaga zebaki kiasi cha tani 9 katika mto Wabigoon kati ya miaka 1962 na 1970. Wenyeji wa asili wa Grassy Narrows na Whitedog, ambao samaki ndiye aliyekuwa chakula chao na kazi yao, wakapoteza vyote viwili. Uvuvi wa biashara ulifungwa mwaka 1970. Daktari Harada mwenyewe alisafiri kwenda kuwatazama mwaka 1975, akakuta kwao dalili alizozijua.

Jinsi sumu ipandavyo

Huenda msomaji akauliza: zebaki kidogo katika maji mengi itamdhuru vipi mtu? Jawabu ni kwamba haikai katika maji, bali hupanda ngazi. Zebaki ikizama katika matope ya mto au ziwa, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza kuwa methili-zebaki. Viumbe vidogo vya majini huipokea. Samaki mdogo hula viumbe hivyo kwa maelfu, na sumu ya vyote hukusanyika ndani yake. Samaki mkubwa naye hula wadogo kwa mamia, na kila aishivyo miaka mingi ndivyo azidivyo kukusanya. Mwisho wa ngazi ni mtu na sahani yake. Kwa sababu hii papa, nduaro na samaki wengine wakubwa walao wenzao huwa na zebaki nyingi kuliko dagaa.

Wala sumu hii haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha juani au kutia ndimu, kwani imeshikamana na mnofu wenyewe. Mwili wa mtu huitoa polepole mno: nusu yake yachukua kiasi cha siku 70 kutoka. Mwenye kuila kila siku huongeza kabla ile ya zamani haijakwisha.

Ama chaza, kome na wengine wa jamaa yao, shida yao ni nyingine. Hao hawatembei, hukaa mahali pamoja wakiyachuja maji mchana na usiku wapate chakula, na katika kuchuja huko hukusanya kadimiamu na risasi iliyomo majini. Kadimiamu huharibu mafigo, na risasi huharibu akili ya mtoto angali mdogo. Kaa naye hukusanya kadimiamu zaidi katika zile nyama laini za rangi ya kahawia zilizo ndani ya gamba lake kuliko katika nyama nyeupe ya miguu.

Na kwetu?

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tukisoma ya Japani na Kanada tukafunga kitabu, hatukufaidika. Katika nchi zetu zebaki huingia majini zaidi kwa mikono ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kandokando ya ziwa Victoria, huko Geita kwa Tanzania na Migori kwa Kenya, mchimbaji husaga mawe, hutia zebaki katika karai pamoja na maji, huikanda kwa mikono mitupu mpaka ishikamane na dhahabu, kisha huichoma moto. Moshi wake huvutwa na yeye, na mkewe, na mtoto aliye mgongoni. Na matope yaliyobaki husombwa na mvua hata mtoni. Katika ulimwengu mzima, kazi hii ya wachimbaji wadogo ndiyo inayotoa zebaki nyingi kuliko kazi nyingine yoyote ya binadamu.

Sisemi haya ili mtu aogope samaki wa ziwa. Vipimo vilivyofanywa katika ziwa Victoria vimeonyesha kwa jumla kwamba samaki wengi wako chini ya kiasi kile cha nusu miligramu kwa kilo ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mpaka, na kwamba sangara wakubwa ndio wakaribiao zaidi. Nasema ili tuzibe ufa kabla hatujajenga ukuta. Mataifa nayo yaliona hivyo: mwaka 2013 yalikutana mkoani Kumamoto yakaafikiana mkataba wa kupunguza zebaki, ukapewa jina la Minamata, ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimeingia.

Yatupasayo majumbani

Kwanza, tusiache kula samaki. Samaki ni chakula chema kwa mwili na kwa ubongo wa mtoto, na kumwacha kwa hofu ni kujipatia hasara nyingine. Bali tuchague: dagaa na samaki wadogo wawe ndio wengi mezani petu, na wakubwa walao wenzao wawe mara moja moja. Mwenye mimba, anyonyeshaye na mtoto mdogo ndio wa kuhifadhiwa mbele ya wengine. Hao wajiepushe na papa na nduaro.

Pili, tusiokote chaza, kome wala kaa karibu na midomo ya mifereji ya viwanda, bandarini, au mahali palipotupwa betri na vyuma vibovu.

Tatu, mwenye kazi ya dhahabu asiichome zebaki jikoni wala uani, na chombo alichokitumia kwa zebaki kisirudi kupikia chakula. Kadhalika, sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi, mengi yamekutwa na zebaki; anayeyatumia hujidhuru mwenyewe, na maji anayooga huelekea mtoni.

Nne, tukiona samaki wanaelea, au paka na ndege wanakufa pasipo sababu, tusicheke wala tusinyamaze. Tuwaarifu wenye kuhusika, tena kwa maandishi, na wakinyamaza tuwaarifu tena. Watu wa Minamata waliwaona paka wakicheza miaka kadhaa kabla ya mtoto yule kupelekwa hospitali. Dalili ilikuja mapema. Waliokuwa na uwezo wa kuisikia ndio waliochelewa.

Mama yule aliyemwambia daktari kwamba sumu ilimpitia yeye ikamwingia mwanawe hakuwa na shahada, lakini alimtazama mtoto wake kila siku, na akajua. Basi nasi tuwatazame watoto wetu, tuyatazame na maji yetu.